Jicho na Kadiri ya Nuru katika Nchi ya Majani Chai

Katika nyanda za Kericho na Bomet, ambako mashamba ya chai yamefunika vilima tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kilimo chake kikubwa katikati ya miaka ya 1920, kazi ya siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Na kwa kuwa nchi hii iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ambako mapambazuko ni mafupi, mchumaji anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu za alfajiri, kikapu mgongoni na aproni ya nailoni kiunoni, hupita kwa muda wa saa moja hivi kutoka giza la nyota hadi mwanga kamili, na jicho lake, pasi na yeye mwenyewe kulitia maanani, hulazimika kuzoea nuru iliyoongezeka mara laki nyingi baina ya hatua yake ya kwanza mlangoni na jani lake la kwanza kondeni.

Jicho la mwanadamu limejaaliwa kustahimili mageuzi hayo, kwa sababu nyuma yake, katika utando unaopokea taswira, mna chembe za namna mbili: zile za mchana, zipatazo milioni 6 hivi, ambazo zimesongamana hasa katikati ya utando na hutambua rangi na vitu vidogo, na zile za usiku, nyingi mno kuliko hizo, zilizotapakaa pembezoni, zenye kuhisi nuru haba lakini zisizojua rangi wala zisizoweza kubainisha kitu chembamba. Ndiyo maana nyota hafifu hupotea ukiikazia macho na hurudi ukiitazama kwa upembe, na ndiyo maana aliyetoka penye taa akaingia gizani huhitaji takriban nusu saa kabla ya chembe zake za usiku kufikia ukomo wa uwezo wake, tena kwa sharti kwamba mwili umepata vitamini A ya kutosha, kwa kuwa anayeikosa hupatwa na upofu wa usiku hata kama mchana anaona vyema.

Nimeyatanguliza hayo kwa kuwa ninalo neno moja la kusema juu ya upimaji wa macho katika nchi yetu, nalo ni hili: kipimo cha jicho kisichotaja nuru na umbali ni nusu ya ushahidi. Walioielewa hakika hii barabara ni wale wanaopima uwezo wa watu kuona kupitia miwani ya usiku, zana ya askari na marubani. Na waliostahili kuielewa mapema zaidi ni sisi tunaoishi kwa kuchuma majani.

Kuchuma chai ni kazi ya jicho kabla ya kuwa kazi ya vidole. Kiwanda hutaka majani mawili na chipukizi lake. Likizidi hapo jani huwa gumu, nalo hushusha daraja la chai na bei yake katika mnada wa Mombasa. Na katikati ya machipukizi mazuri mna yale yaliyolala, ambayo wakulima huyaita banji, yenye kufanana na mengine kwa rangi na umbo illa ncha yake imedumaa. Mchumaji hulaza fito juu ya uso wa kichaka apate kujua usawa wake, kisha mikono miwili huenda mbio juu ya fito hiyo, na macho hutangulia mikono, yakichagua na kukataa kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri. Tazama basi ni kitu gani kinachochaguliwa: kijani juu ya kijani, kilicholowa umande, ndani ya ukungu. Tofauti baina ya chipukizi changa na jani lililokomaa ni ile ya kijani chenye umanjano na kijani kilichokoza, na tofauti hiyo hufifia kadiri nuru inavyopungua, mpaka ikatoweka kabisa katika ule muda wa kwanza wa alfajiri ambao chembe za rangi hazijapata nuru ya kuzitosha. Mashine za kuchumia, zile zilizochomwa moto na waandamanaji huko Kericho mwezi wa Mei 2023 kwa hasira ya watu walioona ajira zao zikiondoka, hukata kila lililo mbele yake, zuri na baya. Hazina jicho, na hapo ndipo mchumaji anapozipita.

Ama kwa upande wa hospitali, jicho hilo hupimwaje? Aghalabu mtu husimamishwa au huketishwa umbali wa mita 6 mbele ya ubao mweupe wenye herufi nyeusi, zinazopungua ukubwa mstari baada ya mstari, katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Ubao huo ulibuniwa na tabibu Mholanzi, Herman Snellen wa Utrecht, mwaka 1862, na hesabu yake ni safi: herufi ya mstari wa kawaida hutengenezwa hivi kwamba kwa mtu aliye mita 6 kila mkwaju wake uchukue pembe ya dakika moja tu, ambayo ni sehemu moja katika 60 ya digrii, na herufi nzima dakika 5, hata kimo chake kikawa milimita 8.7 hivi. Anayeisoma hiyo huandikiwa 6/6. Anayeishia kwenye herufi ambayo jicho zima huisoma kutoka mita 12 huandikiwa 6/12. Na yule ambaye jicho lake bora halifikii 3/60, Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu. Kwa asiyejua kusoma pana ubao wa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, juu, chini, kushoto na kulia, naye huonyesha kwa mkono upande ambao meno yake matatu yanaelekea.

Aliyewahi kukaa karibu na mahali pa kupimia macho siku ya kliniki ya kijijini anaufahamu mwenendo wake. Bibi wa Kipsigis, shuka mabegani, huitwa mbele, na muuguzi humwamkia "Chamgei, kogo," naye huitikia kwa ukarimu wa watu wa huko. Kisha humwomba afunike jicho moja kwa kiganja na aonyeshe herufi inaelekea wapi. Mistari ya juu hupita upesi. Ikifika ya chini, bibi hunyamaza, akashusha mkono, akasema, "Siioni hiyo, mwanangu." Muuguzi mwenye haraka, ambaye foleni imemngojea mpaka uani, huandika alichokisikia na kumwita anayefuata. Muuguzi mwenye maarifa humwambia, "Kogo, wewe kisia tu, hakuna kosa hapa," na mara nyingi bibi huyo huyo aliyesema haoni huonyesha sawasawa mara tatu katika nne. Alikuwa anaona, ila alichelea kukosea mbele za watu. Kinyume chake ni mtoto wa shule aliyesimama katika mstari akiwasikiliza wenzake, akazishika herufi kwa moyo, na akifikiwa na zamu huzitaja zote hata zile asizoziona, kwa kuogopa kudhaniwa mjinga. Wote wawili hupewa hesabu isiyo yao, na kosa haliko machoni pao wala katika ubao, bali katika namna walivyoulizwa.

Wahenga wa elimu ya macho walijua zamani kwamba kipimo hufuata masharti yake. Waarabu wa kale walipima wepesi wa macho kwa nyota ndogo iitwayo Suha, iliyo ubavuni mwa nyota kubwa ya Mizar katika kundi la Dubu Mkubwa, ambayo sisi wa Ikweta tunaweza kuiona upande wa kaskazini nyakati za usiku baina ya Aprili na Juni mawingu yakituruhusu. Na kipimo hicho, kwa kuwa ni nukta ya nuru hafifu katika anga la giza, kilikuwa kwa hakika ni kipimo cha usiku. Naye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra kiasi cha mwaka 965, alipoandika Kitab al-Manazir huko Misri katika miongo ya mwanzo ya karne ya 11, hakuridhika kusema kwamba jicho huona au halioni, bali aliyahesabu masharti ambayo bila ya hayo kuona hakutimii: umbali wa kadiri, nuru, ukubwa wa kitu, usafi wa hewa iliyo baina yake na jicho, muda wa kutosha wa kutazama, na uzima wa jicho lenyewe. Nijuavyo mimi, hakuna aliyeieleza hali ya mchumaji wa Kericho katika ukungu wa alfajiri kwa ukamilifu kuliko huyo ambaye hakuwahi kuuona mti wa chai.

Sasa natuingie katika miwani ya usiku. Zana hii, ambayo askari wa Marekani waliifunga juu ya bunduki katika vita vya Vietnam miaka ya 1960, na ambayo baadaye ilipungua uzito hata ikavaliwa usoni na kuning'inizwa katika kofia za marubani, haiangazi popote, bali huikusanya nuru iliyopo, hata ile ya nyota peke yake, ikaizidisha. Nuru huingia kwa lenzi ya mbele, hugonga bamba jembamba ambalo katika miwani bora hutengenezwa kwa galiamu na aseniki, na kila chembe ya nuru iliyofaulu hutoa elektroni. Elektroni hizo hupitishwa katika kisahani chenye mamilioni ya vitundu vyembamba kuliko unywele, ambamo kila moja ikigonga ukuta huzitoa nyingine, nazo nyingine zaidi, mpaka ile moja iliyoingia ikatoka na maelfu. Kisha kundi lote hilo hupiga kiwambo cha fosfora, kikawaka, na mtazamaji huona mbele ya jicho lake picha ya kijani. Kijani kilichaguliwa kwa sababu jicho la mwanadamu hung'amua nuru ya rangi iliyo karibu na hiyo kuliko rangi nyingine zote, ingawa miwani ya siku hizi nyingine hutoa picha nyeupe.

Swali la mpimaji ni jepesi kulitamka: mtu aliyevaa miwani hii anaona kwa ukali gani? Kulijibu ni kazi. Kwanza chumba huzibwa kila tundu, kwa maana hata taa ndogo ya saa ya mezani, inayoonekana si kitu kwa macho matupu, huwa ni kama mwenge ndani ya miwani hiyo. Taa ya kipimo hupunguzwa kwa vichujio mpaka nuru iangukayo juu ya shabaha ilingane na ile ya robo mwezi, au ya nyota bila ya mwezi, na nuru hiyo yenyewe hupimwa kwa chombo na kuandikwa katika daftari, sawa na linavyoandikwa jibu la mtazamaji. Mtazamaji hukaa gizani mpaka macho yake yazoee. Halafu hurekebisha pete mbili: ya lenzi ya mbele, inayofuata umbali wa kitu, na ya nyuma, inayofuata jicho lake mwenyewe, na hapa watafiti waligundua jambo la kuzingatia, kwamba rubani mwenye macho mazima na miwani nzima aweza kupoteza sehemu kubwa ya ukali wa kuona kwa sababu ya kuizungusha vibaya pete ya nyuma, wala asitambue, kwa kuwa picha ya kijani iliyofifia kidogo humpendeza kama ile iliyo kali madhali hajaonyeshwa tofauti. Ndiyo sababu ikawekwa desturi ya kumfanya rubani atazame ubao wa kipimo katika njia ya giza yenye urefu wa mita 6 kabla ya kuruka, na baadaye vikatengenezwa visanduku vidogo vya kufanyia kazi hiyo bila ya kuhitaji chumba.

Mtazamaji akiisha kuwa tayari, huonyeshwa nini? Kwa muda mrefu alionyeshwa mistari mitatu mitatu, myeupe na myeusi, minene kisha myembamba, kwa mfano wa ile shabaha ya jeshi la anga la Marekani iliyosanifiwa mwaka 1951, akaulizwa ni wapi mistari inapogeuka kuwa doa moja. Lakini "inapogeuka" ni rai, si kipimo. Mtu mwepesi wa kukubali hushuka mistari miwili zaidi ya mwenziwe aliye mkali wa nafsi, hali wanaona sawa. Na mtu huyo huyo hutoa jibu la asubuhi lisilolingana na la jioni. Watafiti wa kituo cha Wright-Patterson huko Ohio, akiwemo H. Lee Task, waliishughulikia kwa miaka kadhaa kadhia hii ya namna mbalimbali za kupima zinazotoa majibu mbalimbali kwa miwani ile ile, na mojawapo ya njia zilizotumika kuiondoa rai katika kipimo ni pete ya Edmund Landolt ya mwaka 1888, duara lenye pengo dogo upande mmoja, ambalo mtazamaji hulazimika kusema pengo liko juu, chini, kushoto au kulia, bila ya kuruhusiwa kujibu kwamba haoni. Anayekisia bila ya kuona chochote atapata moja katika kila nne kwa bahati. Anayepata zaidi ya hapo kwa kurudia rudia anaona, akubali asikubali. Hapo ndipo huwekwa kizingiti, kwa hesabu, na wala si kwa ujasiri wala haya ya mtu.

Matokeo ya vipimo hivyo ni ya kumfanya mtu afikiri. Macho matupu chini ya nyota huwa aghalabu 6/60 au pungufu yake. Miwani ya usiku ya kizazi cha tatu, iliyoingia kwa marubani katika miaka ya 1980, ilimpandisha mtu mpaka kiasi cha 6/12, na iliyo mipya zaidi hukaribia 6/7.5, walakini hesabu hizo nzuri ni za robo mwezi au zaidi, na za shabaha iliyo nyeusi tii juu ya nyeupe pepe. Ipunguze nuru mpaka ya nyota, na picha hujaa vinukta vinavyomemeta. Ipunguze tofauti baina ya shabaha na nyuma yake, iwe kijivu juu ya kijivu, na ule ukali hushuka hata nusu na kupita. Hakuna hesabu moja ya miwani hiyo. Pana jedwali: nuru kadha, tofauti ya rangi kadha, ukali kadha. Juu ya hayo, mvaaji huona pembe ya digrii 40 tu kwa upana, mahali ambapo macho mawili matupu hukusanya zaidi ya digrii 180. Mtaalamu wa fani hiyo akiulizwa miwani fulani inaona kiasi gani, jibu lake la kwanza huwa ni swali: katika nuru ipi?

Elimu hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Mto Nyangores, upitao mjini Bomet na kando ya hospitali ya Tenwek, ndio unaokwenda kukutana na Amala ukawa Mto Mara. Na huko chini mtoni, katika hifadhi ya Maasai Mara, askari wa Mara Conservancy wamekuwa wakitumia tangu mwaka 2016 kamera za kuhisi joto, zilizoletwa kwa msaada wa shirika la WWF, kuwasaka majangili wa usiku. Kamera hizo ni za aina nyingine, kwa kuwa hazitegemei nyota wala mwezi bali joto litokalo katika miili, lakini upimaji wake umefuata kanuni ya jirani yake: mwaka 1958 John Johnson, wa maabara ya jeshi la Marekani iliyoshughulikia kuona usiku, alizitenganisha daraja za kuona kwa zana hizi, akabainisha kwamba kujua kuwa pana kitu ni daraja moja, kujua ni mtu au mnyama ni daraja nyingine inayohitaji maelezo mengi zaidi katika picha, na kujua ni mtu gani ni ya juu kuliko hizo. Daraja hizo ningependa kila tabibu wa macho wa nchi ya chai azichukue. Kuona kichaka ni jambo moja. Kuona chipukizi ni jambo la pili. Kuliona kuwa ni banji kabla ya mkono kulifikia ni la tatu, na hilo la tatu ndilo linalolipwa.

Kwa hiyo narudi kwa mchumaji wetu na ubao wake wa mita 6. Ubao huo haumwongopei, lakini humjibu swali ambalo kazi yake haimwulizi. Jani liko umbali wa mkono, si mita 6, na jicho lililofika miaka 40 na kuendelea, hata likiwa 6/6 kwa mbali, huwa limeanza kupoteza uwezo wa kujikaza kwa kitu cha karibu, kwa kuwa lenzi iliyo ndani yake huzidi kuwa ngumu mwaka baada ya mwaka. Huo si ugonjwa. Ni umri, nao humfikia kila mtu. Na ushahidi wa gharama yake katika chai upo, tena umekusanywa kwa insafu. Huko Assam, India, wafanyakazi 751 wa mashamba ya chai wenye miaka 40 na zaidi, wote wakiona vyema kwa mbali na vibaya kwa karibu, waligawanywa kwa kura mwaka 2017, nusu wakapewa mara moja miwani ya kuonea karibu na nusu wakangojea mwisho wa uchunguzi. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2018, yalikuwa kwamba wenye miwani walipanda kutoka kilo 25 kwa siku hadi karibu 35, na wasiokuwa nayo kutoka 26 hadi kiasi cha 31, kwa kuwa msimu wenyewe ulikuwa ukiongeza majani. Tofauti iliyobaki baada ya kuyatoa ya msimu ilikuwa zaidi ya kilo 5 kwa mtu kwa siku, yaani takriban sehemu moja katika tano. Ningeyaandika haya kwa herufi kubwa katika lango la kila shamba la chai. Miwani hiyo haihitaji upasuaji wala mtambo. Ni vioo viwili na kiunzi.

Tena si kondeni tu. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika kituo cha kununulia cha Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek au Litein, wengi wao wakiwa wamevuka umri huo, hupewa na karani kijikaratasi chenye kilo zake za siku, kwa wino uliofifia, mara nyingi jua likiwa linakuchwa. Na katika kijikaratasi hicho ndimo yalimo malipo yake ya mwezi na bonasi yake ya mwisho wa mwaka. Mama anayekipeleka mbali na uso wake, akakigeuzageuza kuelekea kwenye mwanga wa taa ya lori, kisha akampa mtoto amsomee, anahukumiwa na macho yake katika haki yake mwenyewe. Mbolea yake, kiasi cha dawa ya kunyunyizia kilichoandikwa ubavuni mwa chupa, ujumbe wa pesa katika simu, vyote viko umbali huo huo ambao ubao wa ukutani haukuupima.

Nchi yetu haikosi watu walioionyesha njia. Katika Nakuru, jirani zetu wa mashariki, tabibu Andrew Bastawrous na wenzake waliokuwa wakizungukia vijiji kuchunguza magonjwa ya macho walitengeneza programu ya simu inayoonyesha herufi E moja moja, ikiigeuza bila ya mpango, na mpimaji huisogeza kwa kidole juu ya kioo kuelekea upande ulioonyeshwa na mpimwa. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2015, yaliafikiana na mbao za kitaalamu, na upimaji wenyewe ulimalizika kwa dakika moja na kidogo. Tazama namna ilivyozikata fitina zile nilizozitaja: hapana mstari wa kushikwa kwa moyo, wala huruma au haraka ya mpimaji haiingii katika hesabu, kwa kuwa simu ndiyo inayohesabu. Kisha huko Trans Nzoia, tabibu Hillary Rono na wenzake walijaribu katika shule 50, walimu wakiwa ndio wapimaji. Na mahali palipotumika simu, pamoja na picha ya kumwonyesha mzazi jinsi mtoto wake anavyouona ulimwengu na ujumbe wa kumkumbusha, watoto 54 katika kila 100 walioelekezwa hospitali walifika, dhidi ya 22 mahali palipotumika ubao wa kawaida na barua. Mimi naiona ile picha ya mzazi kuwa ndiyo siri ya yote. Mzazi haamini 6/24, huamini anachokiona.

Kilichobaki ni hatua ambayo naiomba kwa dhati ya moyo. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ina idara ya macho inayowafuata wagonjwa hata vijijini. Kaunti zote mbili, Kericho na Bomet, zina wauguzi wa macho. Viwanda vina mikutano ya wakulima na mabango ya matangazo. Mashamba makubwa yana zahanati zake. Kwa nini basi kadi ya kusomea karibu, isiyogharimu ila karatasi, isikae katika kila kituo cha kununulia majani? Kwa nini upimaji wa mchumaji usiwe na sehemu ya pili, taa ikiwa imepunguzwa na herufi zikiwa kijivu badala ya nyeusi, kama ule ubao wa Pelli na Robson wa mwaka 1988 ambao herufi zake zote ni kubwa sawa ila hufifia hatua kwa hatua? Mwenye mtoto wa jicho unaoanza aghalabu huisoma vizuri herufi nyeusi katika chumba cheupe, na hupotewa na njia katika ukungu. Ubao wa kwanza humwambia yu mzima, wa pili humkamata mapema, wakati upasuaji ungali kazi ndogo. Rubani mmoja hapewi idhini ya kuruka usiku mpaka ajulikane anaona nini katika nuru ya usiku. Wachumaji wa Kericho na Bomet ni maelfu kwa maelfu, nao huingia kondeni kila alfajiri kwa hesabu iliyopimwa mchana.

Nawe msomaji uliyevuka miaka 40, ukienda kupimwa usiridhike na ubao wa ukutani peke yake. Mwombe tabibu akupime pia kwa umbali wa mkono wako, na umwambie saa unayoanza kazi.